Sura ya Saba: Mashine Iliyokwenda Bila Mtu

"Mwanamume aliyepotelewa na mke ziwani hampelekei chakula mtu aliyempoteza," alisema Inspekta Hezroni. "Labda kama wana lao jambo."

Alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, akitazama uwanja wa kituo. Sajenti Tuntufye Mwakalobo, askari wa kike wa upelelezi, alisogea akatazama naye. Langoni, Ezekiel, fundi wa pikipiki wa Ipinda, alikuwa anamkabidhi askari wa zamu hotipoti iliyofunikwa kitambaa. Aliibeba kwa mkono wa kushoto, lakini kabla ya kuitoa akaihamishia mkono wa kulia, kama mtu aliyefundishwa adabu kwa fimbo.

"Jana ndizi za mbalaga, leo wali na dagaa wa usipa," Inspekta aliendelea. "Na kila akija anauliza neno moja tu: Amon atatoka lini? Habari za mkewe haulizi. Wewe unaonaje?"

"Naona ni ajabu, afande."

"Basi kanitafutie sababu ya ajabu hiyo."

Habari yenyewe ilikuwa midomoni mwa kila mtu kuanzia Ipinda hadi Mwaya. Shule zilipofungwa, Ezekiel alimchukua mkewe Doreen, mwalimu wa shule ya msingi huko Ikolo, wakaenda kupumzika ufukweni Matema. Pale ufukweni palikuwa na pikipiki za maji mbili, mali ya bwana mmoja aitwaye Sylvester. Mgeni hukodi moja, na kiongozi hutangulia na ya pili. Wanakwenda hadi karibu na mdomo wa mto Lufilyo, wanageuza, wanarudi. Ezekiel alikwenda wa kwanza akarudi akicheka. Kisha akaenda Doreen, akiongozwa na Amon. Jua lilipokuwa linazama Amon alirudi peke yake, akilia. Pikipiki ya Doreen aliikuta imenasa kwenye matete ya upande wa Mwaya, kanga nyekundu ya mwanamke huyo imefungwa kwenye usukani. Mwenyewe hakuwapo.

Tangu jioni ile mitumbwi yote ya mwambao ilihamia Mwaya. Walitafuta usiku kwa taa za karabai, wakatafuta kesho yake mchana kutwa, wakatafuta na keshokutwa. Maji hayakutoa kitu. Polisi hawakuwa na boti. Walichokuwa nacho ni Amon mahabusu na mashine uani, imefunikwa turubai.

Tuntufye alikwenda kwenye mashine. Alikwisha kuitazama mara mbili na hakuona kitu, kwa sababu hakujua alichokuwa anakitafuta. Safari hii alianza nyuma, tundu la kunyonyea maji lilikoziba kwa matete, akaja mbele polepole kama mtu anayepekua nguo za mtoto. Kiti hakikuchubuka. Ubavu haukuwa na alama ya kugonga. Kwenye usukani, upande wa kushoto, palikuwa na kitufe chekundu. Chini ya kitufe hicho kulikuwa na mpira mweusi, ukanda mwembamba wa tyubu, umezungushwa na kukazwa, ncha yake imefichwa chini ya mzunguko wa mwisho. Mara zote mbili alizopita alidhani ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Aliugusa kwa kucha. Haukuwa wa kiwandani.

Hakuufungua. Aliupiga picha kwa simu, akafunika turubai, akamwita dereva.

* * *

Sylvester alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na tangu mkasa ule alikuwa anatembea ufukweni huku ameshika kiuno kama mgonjwa wa figo. Pikipiki yake ya pili ilikuwa imekaa mchangani. Tuntufye alimwonyesha picha.

"Hii ni nini?"

Sylvester aliitazama muda mrefu. "Mimi sijaweka hii, afande."

"Sijauliza nani kaiweka. Nimeuliza ni nini."

"Hapo hukaa pachiko ya kamba ya mkononi," alisema. Akaingia kibandani, akatoka na kamba nyekundu iliyojisokota kama waya wa simu za zamani, upande mmoja kitanzi cha kuvaa mkononi, upande wa pili kipande cha plastiki chenye pengo. "Dereva anavaa huku. Huku kunapachikwa chini ya kitufe. Ukidondoka majini unaondoka na kamba, pachiko inachomoka, mashine inazima palepale. Bila pachiko haiwaki."

"Ila kama mtu amezungusha mpira mahali pa pachiko."

"Hapo itawaka. Na haitazima."

"Mashine mbili, kamba ngapi?"

"Mbili." Aliangalia msumari mtupu ukutani. "Moja siioni tangu siku ile. Nilidhani imekwenda na marehemu."

"Bado hatujamwita marehemu," alisema Tuntufye. "Shusha mashine majini."

Sylvester alipanda mwenyewe. Kwanza kwa kamba: alijirusha majini mita chache kutoka ufukweni, na mashine ikanyamaza kabla maji hayajatulia. Kisha Tuntufye akamwambia azungushe mpira kama ule wa pichani. Alihangaika nao, ukamfunguka mara mbili, mara ya tatu ukashika. Akajirusha tena.

Mashine haikuzima. Iliguna, ikapunguza kasi kwa kuwa hakukuwa na kidole cha kuiongezea moto, lakini iliendelea kwenda, taratibu, pua mbele, kama ng'ombe anayerudi nyumbani mwenyewe. Upepo ulikuwa nyuma yake. Sylvester aliogelea kuifuata, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ilivyozidi kumwacha. Wavuvi wawili waliokuwa wanashona nyavu waliifuata kwa mtumbwi wakaikamata ikiwa mbali, bado inanguruma, bado inaelekea magharibi, kuelekea Mwaya.

Tuntufye alikuwa amesimama maji yakimfika magotini, viatu mkononi. Kila mtu alikuwa amekubali tangu mwanzo kwamba mashine ilipokutwa ndipo mtu alipoanguka. Yeye mwenyewe aliandika hivyo.

"Mzee Sylvester," aliita, "tangu mtu anaanguka hadi mashine hii inanasa mahali, inaweza kwenda umbali gani?"

Sylvester alikuwa anatweta, maji yanamchuruzika. "Mpaka mafuta yaishe, afande. Au mpaka izuiwe na kitu."

* * *

Amon alitolewa mahabusu akaletwa kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu, Mkisi wa mwambao, mabega mapana ya mtu aliyekulia kwenye kasia. Hotipoti ya Ezekiel aliibeba mkononi, haijafunguliwa.

"Huli?"

"Nitakula, afande."

"Nieleze tena. Mara ya mwisho ulipomwona amekaa juu ya mashine, ulikuwa wapi?"

"Tulipoondoka ufukweni niligeuka, alikuwa nyuma yangu. Akaniinulia mkono. Nikaenda mpaka mahali pa kugeuzia, nikasubiri. Akanipita kwa mbali, upande wa ndani zaidi, akaenda kule Mwaya. Nikapiga mluzi. Nikadhani anakaidi, wageni wengine ni hivyo. Baadaye nikamfuata."

"Alipokupita, ulimwona yeye au uliiona mashine?"

Amon aliigeuza hotipoti mikononi.

"Jua lilikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Machoni."

"Uliona nini hasa, Amon?"

"Niliona nyekundu. Nguo inapepea." Aliweka hotipoti mezani. "Alivaa kanga nyekundu."

"Kanga ilikuwa imefungwa kwenye usukani. Aliifunga mwenyewe kabla ya kuondoka?"

"Ilikuwa inamsumbua miguuni," Amon alisema polepole, na uso wake ukaanza kubadilika. "Aliifunga hapo tukiwa bado ufukweni. Mimi nilimsaidia."

Tuntufye alimwacha na jambo hilo kidogo. Nje askari mmoja alikuwa anafagia.

"Kamba ya mkononi ilikuwa wapi?"

"Ilizama."

"Ilizama na nani?"

"Haikuzama na mtu. Ilizama kabla."

"Nani akaweka mpira?"

"Andika mimi."

"Sijakuuliza niandike nini."

"Mimi ndiye kiongozi, afande. Bila mimi kukubali, mashine isingeondoka. Andika mimi."

Tuntufye alitoa mfukoni ukanda wa tyubu aliouomba kwa mafundi baiskeli wa mtaani, akausukuma mezani. "Kitambaa cha hotipoti kimelegea. Kifunge."

Amon alimtazama kwa mashaka, lakini alifunga. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto ulishika. Mpira ulikwenda kufuata mshale wa saa, na mwishoni akapiga fundo la mvuvi. Tuntufye alitoa simu akatazama picha. Mpira wa kwenye mashine ulizungushwa kinyume, na haukupigwa fundo. Ncha ilichomekwa chini, kama mafundi wanavyofunika waya uliochunika. Sylvester naye, pale majini, alizungusha kwa mkono wa kulia.

"Haukuwa wewe," alisema.

Amon aliinamia meza. "Mtu amefiwa, afande. Nimwongezee nini tena?"

Ndipo simu ya Tuntufye ilipolia. Ilikuwa namba ya mwenyekiti wa kitongoji, Matema. Aliposikiliza hakusema neno ila "sawa" na "msimsogeze." Alipokata, Amon alikuwa amesimama.

"Kapatikana?"

"Kapatikana."

"Mwaya?"

Tuntufye aliweka simu mfukoni. Alimwita askari amrudishe ndani.

* * *

Walikuwa wamemlaza Doreen kwenye mchanga karibu na mdomo wa Lufilyo, upande wa Matema, wamemfunika kanga mbili zilizotolewa na wanawake waliokuwa wanafua. Jaketi la kujiokolea lilikuwa bado mwilini, vifungo vyote vimefungwa. Kando yake palikuwa na dumu la njano lililokuwa boya la nyavu, na kamba iliyokatwa kwa kisu.

Mwenye nyavu aliitwa Jubilate, mzee mrefu wa Matema aliyezoea kuongea na watu huku anatazama maji. Tuntufye alimwamkia kwa heshima ya kwao.

"Mugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu." Aliivua kofia yake ya sufi akaivaa tena. "Leo ndipo nimekwenda kutazama nyavu zangu. Nikaona boya moja limekuwa kubwa."

"Alikuwa amenaswa na nyavu?"

"Angekuwa amenaswa ningekwambia amenaswa. Alikuwa amefungwa." Alimwonyesha mkanda wa kiunoni wa jaketi. Ulikuwa umepitishwa kwenye mpini wa dumu, ukarudishwa, ukapigwa fundo juu ya fundo, mafundo ya mtu asiyejua kamba lakini aliyeogopa yasifunguke. "Nimelazimika kukata. Mkondo wa mto hapa unavuta kwenda ndani. Aliona unamvuta, akashika boya langu, akajifunga asiende. Maiti haipigi fundo, mwanangu."

Tuntufye alichuchumaa. Vidole vya Doreen vilikuwa vimechubuka ndani kwenye viungio, mahali mpini wa dumu unaposhikwa. Si jeraha la kushika mara moja. Mganga wa wilaya, ambaye alifika baadaye kidogo na gari la kubebea maiti, alimtazama kwa utulivu, akamwinua kope, akamgusa shingo, akavua glavu.

"Ripoti nitakupa nikishampima vizuri," alisema. "Lakini kama unaniuliza kama amekufa jioni ile ya kwanza, nakwambia hapana. Wala usiku ule. Huyu alichoka, afande. Mawimbi yanampiga usoni, baridi ya maji, hajalala, hajala. Alichoka mchana wa pili, au jioni yake."

Tuntufye alirudi kwa mzee Jubilate. Swali lenyewe hakutaka kuliuliza, lakini maelezo ya shahidi hayakamiliki bila hilo.

"Tata, nyavu zako kwa kawaida unazitazama lini?"

"Kila asubuhi."

"Asubuhi ya kwanza baada ya kupotea ulikwenda?"

Mzee alitazama maji. "Mwenyekiti alipiga kengele. Alisema kila mwenye mtumbwi aende Mwaya kumtafuta mwalimu. Nilikwenda. Sote tulikwenda. Upande huu wote haukubaki mtumbwi hata mmoja." Aliivua kofia tena. "Nilipiga makasia nikapita kule ng'ambo kidogo, nikifuata wenzangu. Nyavu zangu niliziona kwa mbali. Nikasema nitazitazama nikirudi. Nikarudi usiku, kesho yake tukaenda tena."

"Hukujua, tata."

"Sikujua," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayerudia neno la lugha asiyoielewa. "Nani aliyewaambia ameangukia Mwaya?"

Tuntufye aliandika maelezo yake, akamsomea, mzee akaweka dole gumba. Swali lake hakuliandika.

* * *

Nyumba ya msiba ilikuwa kwa dada mkubwa wa Doreen, Beatrice, nje kidogo ya Ipinda, kati ya migomba na mikakao. Beatrice ndiye aliyemlea Doreen tangu mama yao alipofariki. Siku zote za kutafuta alikataza watu wasifunge turubai, akisema hafanyi matanga ya mtu aliye safarini. Sasa turubai lilikuwa linafungwa. Wanawake walikaa ndani kwenye mikeka, na kilio chao kilikuwa kile cha chini kisicho na maneno.

Ezekiel hakukaa na wanaume. Tuntufye aliegesha pikipiki ya kituo kando ya shina la mkakao, na kabla hajateremsha stendi vizuri Ezekiel alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando yake, anatazama waya wa klachi.

"Umechunika huu, afande. Ukinyeshewa utakukatikia njiani."

"Acha, Ezekiel. Leo acha."

"Niache nifanye," alisema. "Nikikaa bure nasikia."

Alitoa mfukoni ukanda wa tyubu, mafundi hawakosi. Mkono wa kulia ulishika waya, wa kushoto ukazungusha. Ulizunguka kinyume cha mshale wa saa, umekaza, umelala sawasawa, na mwishoni hakupiga fundo. Aliinua mzunguko wa mwisho kwa kucha, akachomeka ncha chini yake, akavuta.

Alipoinua macho alimkuta Tuntufye ameshika simu, na kwenye kioo cha simu kulikuwa na kitufe chekundu.

Wala hakushtuka. Alipangusa mikono kwenye suruali.

"Nilikuwa najiuliza utakuja lini," alisema.

"Ezekiel, nakuonya kwamba hulazimiki kusema neno lolote. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kusomwa mahakamani."

"Andika." Alikaa chini, mgongo kwenye tairi. "Kamba niliipoteza mimi. Nilipokuwa nashuka ilinichomoka mkononi ikazama, pale pale penye kina. Amon akasema basi, kamba iliyobaki ni yake, bibi hawezi kwenda. Doreen alikuwa ameshavaa jaketi. Hakusema kitu, afande. Angesema, angenuna, ningemwambia tutarudi siku nyingine. Alianza tu kufungua vifungo, kimoja kimoja. Tangu siku aliyoiona mashine ya namna hii kwenye simu ya mwalimu mwenzake aliitaja nyumbani kila wiki. Nikamwambia Amon, ngoja, hii si pikipiki tu? Amon akakataa. Nikamsihi. Nikamwambia ni raundi moja. Akakubali kwa kunionea haya."

"Kwa nini hukusema?"

"Jioni ile ile nilitaka kusema. Halafu nikafikiri: ameshazama. Mpira utamsaidia nini sasa? Nikiusema nitajitia pingu mwenyewe, na Amon juu yake, na yeye hatarudi." Alishika kichwa. "Nikanyamaza. Lakini wakamchukua Amon, nikaona siwezi kula. Nikawa nampelekea yeye ale."

Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu aliyotumwa Tuntufye kuitafutia sababu, na sababu yake haikuwa na njama wala mwanamke wa pembeni. Alikuwa amezunguka Ipinda nzima akiuliza habari za ndoa ile. Alichoambiwa ni kwamba Ezekiel alikuwa anamfuata mkewe Ikolo kila jioni kwa pikipiki, hata mvua ya masika ikinyesha.

Alifunga simu. Kazi ya sehemu hii ya upelelezi ilikuwa imekwisha: aliyeweka mpira amejulikana, kwa mkono wake na kwa kinywa chake. Alichotakiwa kufanya ni kumpeleka kituoni. Hakutaka kukaa pale hata dakika moja zaidi, kwa sababu alijua swali linalofuata.

"Wanasema kapatikana," alisema Ezekiel. "Wanawake wananong'ona, nikisogea wananyamaza. Kapatikana matete yapi?"

"Tutazungumza kituoni."

"Matete yapi, afande?"

"Hakupatikana kwenye matete. Amepatikana Lufilyo. Upande wa Matema."

Ezekiel alimtazama. Alikuwa fundi, maisha yake yote alikuwa anasikiliza mashine na kuambiwa na mashine mahali ilipoharibikia. Tuntufye aliona mawazo yakipita usoni mwake moja baada ya jingine, wala hakuwa na namna ya kuyazuia.

"Haikuzima," Ezekiel alisema. "Ilikwenda yenyewe."

"Ezekiel."

"Aliangukia Lufilyo. Ilimwacha. Sisi tukaenda Mwaya kwa sababu ya mashine." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anamweleza mteja. "Ningesema kuna mpira, mtu yeyote angejua haikuzima. Wangerudi nyuma. Alikuwa na jaketi. Jaketi nilimfunga mimi, lilikuwa limekaza." Kisha akauliza polepole, "Alikufa siku ile ile?"

Katika miaka yake ya kazi Tuntufye alikuwa ameshadanganya watuhumiwa kwa hila ndogondogo, na hakuwahi kukosa usingizi. Uongo huu mmoja alikuwa tayari kuutoa bure. Lakini mganga angeandika, mzee Jubilate angesimama kizimbani na kusema maiti haipigi fundo, na mtu huyu angekuwa amekaa pale akisikiliza.

Kunyamaza kwake kukawa jibu.

Ezekiel hakulia. Aliinuka, akashika mti, akaanza kutembea kuelekea ile nyumba. Tuntufye alimfuata nyuma, mkono kwenye mshipi penye pingu, hajui kama anamkamata au anamsindikiza. Wanaume waliokuwa wanafunga turubai walipisha. Ezekiel alisimama mlangoni, mahali ambapo mwanamume hasimami penye kilio cha wanawake, akasema kwa sauti ya kusikika ndani:

"Dada Beatrice. Msiulize tena nani alitupeleka kutafuta Mwaya. Ni mimi. Niliharibu mashine kwa mkono wangu, nikaficha. Doreen alikuwa anasubiri Lufilyo, mzima, na mimi nikawa najua jambo ambalo lingemleta."

Kilio kilikatika. Beatrice alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, kitambaa kimemlegea kichwani. Alimtazama shemeji yake. Halafu akamtazama Tuntufye.

"Ni kweli, afande?"

"Ni kweli, dada."

"Alisubiri?"

"Alisubiri."

Beatrice alitikisa kichwa taratibu, si kukataa, ila kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. "Sasa huyu mimi nimfanye nini?" aliuliza. "Nikimlilia Doreen, nimlilie na nani? Huyu ndiye aliyekuwa wa kulia naye."

Swali halikuwa la polisi. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa kando yake alisema, kwa Kinyakyusa, kwamba mume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Mwingine akasema si huyu. Wa tatu akasema basi nani.

"Mtampeleka leo?" Beatrice aliuliza.

Sheria ilisema leo. Inspekta Hezroni alikuwa anasubiri simu, na angefurahi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha vizuri, bila kumwagika damu. Mahabusu kulikuwa na Amon, ambaye naye alijua kuhusu ule mpira na akanyamaza kwa huruma, na ambaye bado hajaambiwa huruma hiyo ilifanya nini. Ni nani angemwambia? Ni yeye, Tuntufye.

"Mazishi lini?" alisema Tuntufye.

"Kesho."

Ezekiel alikuwa bado amesimama kizingitini, mikono imemning'inia. Hakuna aliyemwita ndani, na hakuna aliyemwambia atoke.

Tuntufye alizima simu. Alivua viatu akaviweka mlangoni pamoja na ndala za wanawake, akaingia, akapewa nafasi kwenye mkeka kati ya Beatrice na ukuta. Baada ya muda kilio kilianza tena, kutoka pembeni, sauti moja, kisha ya pili. Beatrice hakulia. Alikuwa anamtazama mwanamume aliyesimama mlangoni, na Tuntufye alimtazama Beatrice, akisubiri amwambie kama mume azike kwanza.